Zamu ya Ufagio

Katika lugha yetu taka ni uchafu, na kutakata ni kuwa safi. Maneno mawili yanayopingana kwa maana yamekaa jirani kwa sauti, na aliyezaliwa ndani ya Kiswahili haoni ajabu. Lakini lugha, pamoja na ukarimu wake, haikutupa kipimo. Haikutuambia nyumba itakate kiasi gani ndipo mtu aweke ufagio chini, wala haikutuambia ni nani wa kuushika. Maswali hayo mawili, la kiasi na la mtu, nimeyaona yakifuatana katika historia ya nyumba za Kinondoni na Temeke, vitongoji ambavyo sisi watu wa visiwani tumezoea kuvipita tukitoka bandarini, tukidhani havina la kutufunza. Rai yangu, msomaji, ni hii: mambo huenda vizuri pale anayeamua kiasi cha usafi anapokuwa ndiye atakayefagia, na huharibika kila wawili hao wanapotengana.

Tuanze mbali kidogo, kwa kuwa nyumba za Dar es Salaam zilirithi desturi za miji iliyozitangulia. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake wa nasaha kwa bintiye karibu na mwaka 1858, naye ni mgonjwa. Wasomaji wengi huukumbuka kwa mapambo, manukato na adabu ya mke kwa mume. Wachache hukumbuka kwamba mama yule, mke wa mtawala, anamwambia bintiye asidharau hata mara moja kupea, yaani kufagia, na kuosha choo. Werner na Hichens walipoutoa utendi huo pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, waliupa jina linalotaja wajibu wa mke, na tangu hapo choo kimebaki nyuma ya asmini. Nami kama mfasiri nasema, hilo ni jina la wachapaji. Mama mwenyewe aliweka ufagio na uturi katika utendi mmoja.

Hata hivyo tusimpambe Mwana Kupona kupita kiasi. Utendi huo huo unamwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Basi kazi ilikuwapo, na mikono mingine ya kuifanya ilikuwapo. Katika majumba ya mawe ya Pate, Lamu na Unguja, kiasi cha usafi kiliamuliwa barazani na kutimizwa uani, na aliyeulizwa hakuwa na jibu ila ndiyo. Utumwa uliondolewa nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Tarehe hizi mbili hutajwa katika habari za mashamba ya mikarafuu na minazi, lakini zilikuwa tarehe za ufagio pia, maana tangu siku hizo ilibidi mtu wa kufagia aombwe, alipwe, aolewe, au awe wewe mwenyewe.

Kitu kimoja ambacho pwani ya kale ilikuwa nacho, nasi tumekisahau, ni kipimo cha tohara. Fiqhi huhesabu. Najisi fulani huoshwa mara kadhaa, mahali pa kusalia pawe pametoharika, na hapo kazi imekwisha. Vumbi si najisi; udongo ulio safi hutumika kutayamamia maji yanapokosekana. Kwa hiyo bibi wa zamani mwenye sakafu ya udongo alijua kwa yakini lini nyumba yake imetosha. Usafi wa leo, ule wa kung'aa, hauna mwisho wa namna hiyo.

Mji wa Dar es Salaam, uliopangwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860 na kufanywa makao makuu ya Wajerumani mwaka 1891, ulikutana na usafi kwa sura nyingine kabisa, sura ya mpaka. Chini ya Wajerumani na kisha Waingereza mji uligawanywa kwa kanda za majenzi: Uzunguni, Uhindini, na upande wa Waafrika ulioanzia Kariakoo. Kiwango cha jengo ndicho kilichoandikwa katika kanuni, na rangi ya mkazi ikafuata bila kuandikwa. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao sasa ni mahali pa mikutano na pa kupumulia, uliachwa wazi uwe kizuizi cha afya baina ya Kariakoo na Uhindini. Ndipo akatokea bwana afya, akiingia uani bila hodi kuchungulia mitungi na choo. Alikuja kuamua kiasi, wala hakuja na ufagio. Wazee wa Temeke hata leo husema "anafagia kama bwana afya anakuja", na maana yake ni kufagia kwa hofu, mbele ya nyumba tu.

Uzunguni nako kulikuwa na swali la mtu. Kwa miaka mingi mfanyakazi wa nyumbani mjini alikuwa mwanamume. Aliitwa boi, hata akiwa na wajukuu. Alipiga pasi, alipika, alisugua sakafu kwa nta, na jioni akarudi Kinondoni au Magomeni katika chumba kilichofagiliwa na mkewe. Wanaume hao hawakuwa wanyonge wa kuhurumiwa tu. Katika miaka ya 1940 walikuwa na chama chao cha wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani, na Desemba 1956 chama cha wafanyakazi wa nyumbani na mahotelini kiliitisha mgomo. Hebu fikiri: katika mkesha wa siasa za uhuru, nyumba za mabwana hazikufagiliwa, na swali la nani afagie likawa jambo la mji mzima. Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu utumishi wa nyumbani Tanzania, ameeleza jinsi kazi hiyo ilivyotoka mikononi mwa wanaume ikaingia mikononi mwa wanawake na wasichana. Ilipohama ilishuka bei na kupoteza sauti.

Nitatoka njiani kidogo kwa ajili ya wapenzi wa maneno. Tunaposema kupiga deki tunatumia neno la baharini. Deki ni sitaha ya meli, na kuiosha ilikuwa kazi ya mabaharia. Topasi naye, yule msafisha vyoo wa miji yetu, jina lake lilisafiri kwa Bahari ya Hindi, ambako topasi alikuwa mfagizi wa melini. Maneno yote mawili yalishuka bandarini yakiwa ya kiume. Hapakuwa na sheria ya maumbile iliyompa mwanamke dekio.

Sasa twende uani, maana hapo ndipo penye jambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulipanuka kuelekea Temeke, Magomeni na Kinondoni, kwa viwanja vilivyopimwa na nyumba zilizojengwa na wenyewe. Nyumba yenyewe kila mtu wa pwani anaijua: mlango wa mbele wenye baraza, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kisha uani, penye jiko, bafu na choo. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeongoza uchunguzi wa mji mwaka 1956 na 1957, na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1963, aliona jinsi nyumba hizo zilivyokaliwa chumba kwa chumba: mwenye nyumba katika kimoja, wapangaji katika vingine, Mzaramo, Mndengereko, Mnyamwezi na Mluguru wakitumia ukumbi mmoja na choo kimoja. Watu hawa hawakuwa na ukoo wa kuwaamulia, wala mila moja, wala bwana wa kuwaamrisha wote. Chumba cha kila mmoja kilikuwa siri yake, lakini ukumbi, ua na choo havikuwa vya mtu. Jibu walilolipata linaitwa zamu.

Katika nyumba niliyopanga Tandika nilipokuwa kijana, zamu ilikuwa ya wiki. Chumba chenye zamu kilifagia ukumbi na uani alfajiri kwa ufagio wa chelewa, kilimwaga maji na kuosha choo na bafu, kikakusanya majani ya mwembe na kuyachoma shimoni. Jumapili jioni ufagio uliegemezwa kwenye mlango wa jirani anayefuata. Hakuna aliyesema neno. Ufagio wenyewe ulikuwa barua.

Wanaoidharau zamu husema ni mbinu ya umaskini. Nadhani hawakuitazama. Zamu ilijibu maswali yote mawili kwa mpigo. Mtu alijulikana kwa hesabu ya milango. Kiasi nacho kilipatikana bila mkutano: ulifagia kama alivyofagia aliyekutangulia, ukijua kwamba atakayekufuata atakupima kwa macho hayo hayo. Aliyepunguza alisikia maneno ya pembeni kisimani. Na aliyezidisha alisikia pia! Mama mmoja wa chumba cha mbele, mpenda dawa ya choo na maji mengi, aliambiwa waziwazi na wenzake: "Dada, unatupandishia zamu." Sijapata kusikia hoja ya uchumi iliyo fupi kuliko hiyo. Walijua kwamba usafi una gharama ya maji na mgongo, na kwamba anayepandisha kiwango leo anawatoza wengine kesho. Mwenye nyumba naye, pale alipoishi humo humo, aliingia katika zamu au alimpeleka mwanawe. Asiyeishi humo alipiga kelele siku ya kodi tu, na kelele zake hazikufika chooni.

Zamu ilikuwa na kasoro, na kasoro kubwa ni kwamba ilihesabu milango, haikuhesabu mikono. Mlango wenye mume na mke ulifagiliwa na mke. Kapera alimpa mtoto wa jirani shilingi, au alimwachia mama wa chumba cha pili akiita shikamoo nyingi kuliko kawaida. Haki iliyokuwapo baina ya vyumba haikuingia ndani ya chumba. Anayesema uswahilini palikuwa na usawa amesimama ukumbini tu.

Kiasi cha kazi kiliamuliwa pia na kitu ambacho wanahistoria hawakijali, nacho ni sakafu. Sakafu ya udongo hunyunyiziwa maji vumbi lilale, hufagiliwa polepole, na kila baada ya muda hukandikwa upya, haidekiwi. Kiwanda cha saruji cha Wazo, kaskazini mwa mji, kilipoanza kuzalisha mwaka 1966, sakafu ya saruji ilizidi kusambaa, mara nyingi ikiwa na rangi nyekundu, na pamoja nayo likaingia dekio katika nyumba za watu wa kawaida. Dekio linataka maji. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza mwaka 1959, wa Ruvu Chini mwaka 1976, na mji ukakua kuliko mabomba yake, hivyo watu wengi wa Mbagala, Tandale na Mwananyamala walinunua maji kwa dumu la lita 20 kutoka kwenye mkokoteni. Mtu aliyenunua dumu hufanya hesabu kabla ya kupiga deki: lipi la kupika, lipi la kuoga, na lililofulia ndilo lishuke sakafuni, kisha chooni. Maji yale yale yalifanya kazi tatu.

Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa vitabu vidogo na vikundi vya kusikiliza, na watu wapatao milioni 2 wakashiriki. Nimeitaja kwa sababu ni mara chache amri ya usafi kuja kwa namna ile. Mafunzo yalihusu malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, hayakuhusu kung'aa. Kikundi kilisikiliza, kikazungumza, kikaamua chenyewe: tutachimba vyoo, tutafyeka majani, tutafukia madimbwi. Swali la kiasi liliulizwa sawasawa, yaani uchafu upi unaua, na likajibiwa na watu watakaoshika jembe. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa vijijini. Hata hivyo wazee wa Temeke wanaikumbuka, pengine kwa sababu redio ilizungumza nao kama watu wazima.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mpaka katikati ya miaka ya 1980, sabuni ilikuwa kitu cha foleni. Kipande cha sabuni ya mche kilikatwa kwa uzi na kugawanywa kama nyama. Watu walifua kwa majani ya mpapai, wakasugua sufuria kwa jivu na mchanga. Mimi nilikuwa mtoto, na ninachokumbuka ni jinsi mama zetu walivyopanga daraja bila kuandika: kwanza nepi za mtoto, pili sare ya shule, tatu vyombo, nne choo kwa jivu. Sakafu ilipata maji matupu, madirisha hayakupata kitu, na hakuna aliyeona aibu. Ukitaka kujua jambo gani katika usafi lina maana na lipi ni pambo, watazame watu walionyimwa sabuni wakaendelea kuishi.

Biashara ilipofunguliwa tangu mwaka 1984, sabuni ilirudi, na vitu vingi pamoja nayo. Katika miaka ya 1990 na 2000 mji uliruka mipaka. Mbezi, Tegeta, Kimara, Mbagala na Kongowe zikajaa nyumba za aina nyingine: ukuta na geti, choo cha ndani, jiko la ndani, sebule yenye kabati la vioo, na chini marumaru. (Baadhi ya mahali hapo sasa pamo katika wilaya ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni katikati ya miaka ya 2010, kama Kigamboni ilivyomegwa kutoka Temeke.) Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, lakini wapya walianza na geti. Ukumbi wa watu wote ukatoweka, na zamu ikatoweka nao.

Marumaru nayo ina tabia yake. Udongo husitiri, saruji nyekundu husamehe, marumaru hushitaki. Tone la chai na unyayo wa mtoto huonekana kutoka mlangoni. Nyumba iliyofagiliwa mara moja ikataka kupigwa deki mara mbili, kisha mara tatu. Wakati huo huo mama mwenye nyumba alikuwa ameajiriwa mjini, akitoka alfajiri na kurudi usiku kwa sababu ya foleni ya Barabara ya Morogoro au ya Kilwa. Baba, kama kawaida, hakuhesabiwa. Basi akaletwa msichana kutoka Iringa, Singida, Dodoma au Lushoto.

Majina yake ni somo zima. Boi alikuwa na jina la dharau lakini alikuwa na chama. Huyu akaitwa hausigeli, na vijana wa mjini wakamwita beki tatu kwa kejeli. Wastaarabu humwita dada. Neno hili ni zuri, nami natumaini hutamkwa kwa mapenzi, lakini undugu hauna saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kufagia ua, na kulala baada ya vyombo vya chakula cha usiku, huzimaliza saa hizo kabla wiki haijafika katikati. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mtumishi anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na 150,000 kwa aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa. Viwango vimepanda baadaye, lakini mantiki yake inafikirisha: kipimo kilikuwa mfuko wa mwajiri. Ukubwa wa sakafu haukuulizwa, wala mgongo wa anayeinama.

Simlaumu mama anayeajiri. Aghalabu yeye mwenyewe ni mwajiriwa, na mshahara wa dada unatoka katika mshahara wake mdogo. Nasema tu kwamba katika nyumba ile hakuna tena anayeweza kusema "unatupandishia zamu". Kiasi kinaamuliwa na mtu mmoja, tena na macho ya wageni, na mgongo ni wa mwingine. Ndiyo maana kiasi hakina kikomo. Tumerudi kwenye baraza na uani wa majumba ya mawe, ila sasa kwa mshahara, na kwa jina la udugu.

Upande wa nje wa geti jambo lilikwenda kinyume. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni na kuenea nchini. Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 mwaka ule, akaagiza siku hiyo iwe ya kazi ya usafi, na yeye mwenyewe akaonekana akizoa taka karibu na Feri. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikatangazwa kuwa siku ya usafi. Wapo walioona maigizo. Mimi niliona kitu kidogo ambacho bwana afya hakukifanya kamwe: aliyetoa amri alikuwa ameinama. Lakini kipindupindu hakikutoka kwenye sakafu ya sebule. Kilitoka kwenye choo kilichofurika mvuani, kwenye kisima kilicho jirani nacho, kwenye mfereji usio wa mtu. Nyumba za marumaru zilikuwa zinang'aa wakati huo.

Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa ya Magomeni Kota, yaliyojengwa mahali pa kota za zamani kwa ajili ya familia 644 zilizokuwa zimehamishwa. Watu waliozoea ua wa pamoja walipewa milango yao, kila mmoja na choo chake. Kati ya mlango na mlango, hata hivyo, pana ngazi, na kati ya ghorofa na ghorofa pana ujia. Sheria ya mwaka 2008 juu ya umiliki wa sehemu za majengo inawataka wamiliki waunde umoja wa kusimamia maeneo ya pamoja. Umoja wa namna hiyo una njia mbili: kuchanga fedha na kumlipa mtu, au kuchukua daftari na kuandika milango kwa mpangilio. Njia ya kwanza ni ya haraka, na kwa kuwa wengi wana kazi mjini, huenda ndiyo itakayopendwa. Kama ningeulizwa, ningeshauri ya pili walau kwa ngazi, na ningeomba daftari liandikwe majina ya watu badala ya namba za milango, la baba likiwamo.